Moyo Uliokwenda Mbio Ndani ya Eda

Mume wangu alifariki asubuhi moja shambani kwake Mgogoni, akipalilia muhogo. Aliyenipa habari ni dada yake, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka shamba lile. Alipiga simu nikiwa kwetu Jadida, mjini Wete, sindano mkononi, nashona kofia. "Njoo," alisema. Kisha akasema, "Au usije. Twamleta."

Sikulia. Watu wamesahau mengi ya siku ile, ila hilo hawakulisahau. Nilikaa chumbani na wanawake wenzangu, macho makavu, jasho linanitiririka mgongoni, mikono nimeificha ndani ya kanga kwa sababu ilikuwa ikitetemeka na sikutaka mtu aione. Wifi yangu alikaa mbele yangu akanitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilijua anachokifikiri, na nilijua pia kwamba hatakisema mbele za watu.

Huko nje nilisikia sauti ya imamu akiwauliza watu kama wameridhika na marehemu, nao wakajibu kwa pamoja kwamba wameridhika. Ndivyo tunavyowaaga watu wetu. Mimi kule ndani nikapatwa na wazo ambalo halikuniacha tena: hakuna anayemgeukia maiti kumuuliza kama naye ameridhika na aliowaacha. Nilitamani sana aulizwe. Alikuwa amekufa bila kunipa radhi yake, na sababu nilikuwa naijua.

Mwaka wake wa mwisho nilikihama kitanda chetu. Joto lilikuwa limeniingia mwilini, joto la ajabu, si la hewa. Feni ilikuwapo, ikinipulizia joto lile lile. Nilikuwa natupa shuka, nageuka huku na huku, namwambia asogee, akisogea namwambia asogee tena, mpaka maskini akawa analala ukingoni. Mwisho nikachukua mkeka mkuukuu wa kulala mtu mmoja nikautandika ukumbini karibu na mlango, pale penye upepo unaopenya chini ya ubao. Nikawa nalala hapo. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miaka ishirini na zaidi.

Naye hakuwa mtu wa maneno. Alivumilia wiki, akavumilia miezi. Halafu alfajiri moja alirudi msikitini akanikuta nakunja mkeka wangu. Akasimama pale pale mlangoni, viatu mkononi.

"Mwenzangu," aliniambia, "mie nimekukosea nini?"

Lilikuwa swali la upole kabisa. Na mimi, ambaye siku zile hata kijiko kikianguka nilikuwa napandwa na hasira, nikamjibu, "Kwani lazima uwe umenikosea? Niache nipumue!"

Aliitundika kofia yake kwenye msumari, akaenda kujimiminia chai mwenyewe. Hakuuliza tena. Haukupita hata mwezi nikaitwa Mgogoni kwa ile simu.

Mtu atauliza kwa nini sikumwambia tu kwamba naona joto. Nilikuwa na miaka arubaini na sita. Hedhi ilikuwa imeanza kuja kidogo na kuruka miezi, na mimi nikajikatia hukumu mwenyewe kwamba huu ndio mwisho wake. Hatukujaaliwa mtoto. Kila mwaka tulikuwa tunasema inshallah, yeye kwa sauti na mimi kimoyomoyo, na ile inshallah ndiyo iliyokuwa imebaki baina yetu. Kumwambia naona joto la utu uzima kungekuwa kumwambia kwamba sasa hakuna tena. Nilishindwa. Nikaona afadhali anione mkali kuliko anione nimekwisha.

Basi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, nyumbani mwangu peke yangu. Nguo nyeupe, hakuna hina, hakuna manukato, hakuna kutoka. Mwanzo nyumba ilijaa watu. Baada ya hitima ikabaki na majirani, kisha jirani mmoja, kisha sahani ya chakula inayoletwa imefunikwa na kuachwa mezani na mtu mwenye haraka. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Lakini jioni ya siku ambayo hakuna aliyepiga hodi ni ndefu, hata ukiipunguza kwa kulala mapema.

Katika upweke ule ndipo nilipoanza kuusikiliza moyo wangu. Ulikuwa unakwenda mbio. Nimekaa kitako, sifanyi kazi yoyote, nao unapiga kama mtu anayetwanga bila kupumzika. Mara uruke pigo moja, nishike ukuta. Mara unipigie mpaka kooni nishindwe kumeza. Wanawake waliokuja kunitazama niliishika mikono yao nikaiweka kifuani kwangu, wakashtuka.

"Moyo wamlilia mumewe," alisema jirani yangu, mama mtu mzima. "Macho yamekataa kulia, basi walia moyo."

Nilipenda maneno yale, tena sana, na leo nakiri bila haya. Wote walioniona siku ya msiba nimekaa macho makavu, sasa walikuwa na jibu. Nami nilikuwa na jibu. Kila ulipoanza kwenda mbio nilijiambia, huyo, unamlilia, nilimpenda bwana yule. Nilipungua mpaka bangili zikawa zinateleza hadi kwenye kiwiko, na kila aliyesema nimepungua nilimwona kama ananishuhudilia. Nilikuwa nakula lakini, tena kwa pupa, sahani zile zilizofunikwa nikizimaliza zote. Hilo sikulieleza kwa mtu, maana mjane anayefuta sahani halafu akasema amekondeshwa na huzuni atachekwa.

Nililetewa kombe. Aya zimeandikwa kwa zaafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Nilipata utulivu wa moyo kwa maana ya imani, lakini moyo wenyewe, ule wa nyama, uliendelea na mbio zake. Jirani akasema pengine niende hospitali. Nikamwambia mimi nimo ndani ya eda, sitoki. Nilisema kwa sauti ya mcha Mungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa watauponya.

Wifi yangu alikuwa akija kila Ijumaa kutoka Mgogoni. Alikuwa anakuja kwa sababu ni wajibu, na mimi nilikuwa nampokea kwa sababu ni wajibu. Anakaa, ananisalimu, anauliza kama maji yapo, anasoma Yasini, anaondoka. Mume wangu alikuwa akimweleza dada yake kila kitu, kwa hiyo nilijua anajua habari za mkeka ukumbini. Hakuligusa jambo hilo hata siku moja. Mara nyingi nilitamani anitukane tu tuyamalize.

Mwezi wa tatu wa eda ulikuwa unakwisha, Ijumaa baada ya Alasiri, nilipoinuka kumletea maji. Nakumbuka kikombe. Nakumbuka sakafu ikija. Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa mapajani kwake na mkono wake uko kifuani kwangu.

"Huu si moyo," alisema. "Hii ni mashine. Tangu lini?"

"Tangu afe."

"Na hospitali hukwenda?"

"Mimi nimo kwenye eda, wifi."

"Eda haikukuzuia kutibiwa! Weye wataka kufa humu ndani watu waseme umekufa kwa mapenzi? Hiyo si dini, hicho ni kiburi."

Alikuwa amegonga penyewe. Alichukua simu akampigia shehe wa msikiti wetu, akaiweka kwa sauti nisikie mwenyewe. Shehe alisema ugonjwa ni dharura, aende mchana, arudi kwake jioni, na mbona mmechelewa.

Jumatatu tukapanda gari kwenda hospitali Chake Chake. Kwa miezi mitatu sikuwa nimeiona barabara. Nilikaa dirishani na nguo zangu nyeupe, wifi yangu pembeni, mkoba wake ameuweka katikati yetu. Palikuwa na nafasi ya kutosha kuuweka chini. Njia nzima hatukusema zaidi ya kuulizana kama dirisha lifungwe.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mpole, anaongea taratibu. Nilimweleza kwamba nimefiwa na moyo wangu unamlilia marehemu. Hakucheka. Alinipa pole, akausikiliza moyo, akanipima uzito, halafu akaniambia ninyooshe mikono mbele. Akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Ile karatasi ikawa inatetemeka kama inapigwa na feni, na feni ya chumba kile ilikuwa imezimwa.

"Mama, fungua mtandio nione shingo," alisema. "Meza mate."

Nikameza. Akanizunguka, akasimama nyuma yangu, akanishika shingo kwa vidole vya pande mbili, akaniambia nimeze tena. Shingo yangu ilikuwa haijaonwa na mtu kwa muda mrefu, hata mimi mwenyewe nilikuwa siitazami.

"Ana rovu?" wifi yangu aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha pembeni.

"Tezi yake imevimba kidogo. Tutapima damu tuhakikishe."

Akaeleza, na nayaandika kama nilivyoyaelewa. Kuna tezi shingoni, nayo inatoa homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Ikitoa nyingi kupita kiasi, kila kitu kinakimbia. Moyo unakimbia, tumbo linakimbia, chakula kinaungua kabla hakijawa nyama mwilini. Mikono inatetemeka. Hedhi yenyewe inaweza kupungua na kuruka, mtu akadhani ni umri. Halafu msiba nao una homoni zake, zile za mshtuko na hofu, nazo zinausukuma moyo huo huo. Wangu ulikuwa unachapwa kutoka pande mbili.

"Kwa hiyo huzuni ni kiasi gani na tezi ni kiasi gani?" nilimuuliza. Nilikuwa nataka jibu kweli.

"Mama, kipimo hicho sina," alisema.

Kisha akaanza maswali yake. Nilikuwa silali? Silali. Nina hasira za haraka? Nikatazama chini, nikasema ndiyo. Joto je? Nilikuwa naona joto wakati wenzangu hawaoni?

Pembeni, wifi yangu alikuwa ameacha kuchezea tasbihi yake.

"Joto lilinitoa kitandani," nilisema. "Nilikuwa nalala sakafuni."

"Tangu afariki baba?"

"Hapana. Kabla. Karibu mwaka."

"Basi ugonjwa ulianza kabla," daktari alisema, akiandika. "Joto, hasira, kutolala, yote ni huo. Wengi huachana na waume zao kabla hawajajua wanaumwa." Alisema kama mtu anayesema jambo la kila siku, na kwake yeye pengine ni la kila siku. Mimi niliushika ukingo wa meza. Yaani siku ile mlangoni, viatu mkononi, aliponiuliza amenikosea nini, jibu lilikuwapo. Lilikuwa shingoni kwangu, chini ya mtandio, na hakuna kati yetu aliyelijua.

Wakanipima moyo kwa mashine yenye waya, wakachukua damu, wakanipa vidonge vya kutuliza mapigo wakati nasubiri majibu. Kurudi Wete wifi yangu aliuweka tena mkoba katikati yetu. Nilimsubiri aseme neno. Alitazama nje mpaka tukafika, akanifikisha mlangoni kwangu, akasema, "Kunywa dawa," akaenda zake.

Nilipoingia ndani niliitoa kofia yake msumarini. Ni kofia ya viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya miezi. Nilimshonea mwenyewe mwaka ule wake wa mwisho. Nikaipeleka kwenye mwanga, nikalifuata duara lake. Viua vya mwanzo vimekaa sawasawa, ndivyo nilivyo mimi kazini, sijisifu. Katikati vinaanza kupotoka. Mwishoni vingine ni vikubwa, vingine vidogo, uzi umelegea, kazi ambayo mtu mwingine angeniletea ningemrudishia aifumue. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka tangu wakati ule na mimi nikaulaumu uzi. Naye aliivaa kofia ile sikukuu, akaenda nayo kuswali mbele za watu wanaojua kofia, na hakunena kitu. Hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka nikachelewa Magharibi.

Majibu yalikuja kama daktari alivyotarajia. Nikaongezewa dawa za tezi yenyewe, na onyo kwamba nikipata homa au koo kuuma nikimbilie hospitali. Wiki zikapita. Nikaanza kulala. Bangili zikaanza kukaa. Na moyo ukatulia, taratibu, siku moja hivi na siku nyingine vile, mpaka asubuhi moja nikaamka nikautafuta nisiusikie. Nikaweka mkono. Ulikuwapo, unapiga polepole kama wa mtu yeyote.

Hakuna aliyenionya kuhusu asubuhi ile. Kwa miezi nilikuwa na kelele kifuani, na niliifanya kelele ile kuwa mtu. Sasa nyumba ilikuwa kimya kweli, jokofu tu likiguruma na kunyamaza. Sikuwa hata na ushahidi tena. Mtu akiniuliza ulimpenda mumeo, ningemwonyesha nini? Karatasi ya maabara? Na aliyepaswa kuisoma karatasi ile alikuwa ardhini, na sisi wanawake hatuendi makaburini kuwasomea wafu majibu ya damu.

Eda ikaisha. Nilioga, nikavaa kanga mpya aliyoniletea jirani, nikafungua madirisha yote. Watu wachache walikuja asubuhi wakaniombea dua wakaondoka. Baada ya Alasiri nikasikia hodi. Alikuwa wifi yangu, na begani amebeba mkeka umekunjwa, mrefu kuliko yeye.

Hakukaa kitini. Aliutandika ukumbini, karibu na mlango, na ulipofunguka ulifika ukuta hadi ukuta. Ukindu mpya kabisa, kili, zile shupatu zilizosukwa, zimeshonwa kwa karibu, kazi ya mtu asiyetaka isemwe. Harufu yake ilijaa nyumba.

"Mkubwa huu, wifi," nilisema. "Mimi ni mtu mmoja."

"Si wako peke yako. Wa watu wawili. Yeye ndo aliyeniagiza."

Nikakaa chini bila kupanga.

"Alikuja kwangu," alisema, naye akikaa, lakini hanitazami, anapapasa mshono. "Kanambia, dada, nishonee mkeka mpana, wa watu wawili, nitandike mlangoni. Mie nikamjia juu. N'kamwambia mwanamke kakukimbia kitandani, nawe wamfuata sakafuni? Huna haya? Akacheka, wamjua anavyocheka. Akanena, kitanda kimemshinda yeye. Mie sakafu haijanishinda."

"Kazi ya siku chache ilobaki. Nikautundika ukili msumarini nikauacha, makusudi. Wiki tatu. Kila akipita kwenda shamba auliza, dada, umefika wapi, nami nasema bado. Nikitaka ajifunze." Sauti yake ikakatika. "Asubuhi ile aliuliza. Nikasema bado. Alipotoka hapo ndo hakurudi."

Ndipo aliponitazama. Miezi yote ile nilidhani anakaa mbele yangu akinihukumu. Kumbe alikuwa anakuja kila Ijumaa na jambo lake, anashindwa, anasoma Yasini, anaondoka nalo.

"Kule kwa daktari," alisema, "ulipotaja joto, nilitamani ardhi inimeze. Niwie radhi, wifi."

Nilimwambia nimemwia radhi. Nikamwambia na yeye aniwie, naye akasema hana la kuniwia, nikamng'ang'ania mpaka akasema. Tukalia pamoja, bila adabu yoyote. Halafu akajifuta uso, akauliza kama maji yapo, akaondoka kabla jua halijazama, maana Mgogoni ni mbali.

Siku hizi sina joto. Kitanda nakiweza, na upepo wa mlangoni sasa unanitia baridi. Hata hivyo jioni ile, wifi alipokwisha kuondoka, nililala kwenye mkeka ule, karibu na mlango, upande niliouzoea. Nikaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda taratibu tu.

"Hukunikosea kitu," nilisema kwa sauti. "Nilikuwa naumwa."

Kisha nikasogea ukingoni, nikamwachia nafasi.